Kazi ya Mzazi Isiwe Siri ya Nyumba



Kwa zaidi ya miaka kumi, nyumba nyingi za Kenya zilikusanyika mbele ya televisheni kumtazama mwanamume mmoja akimdanganya mkewe. Katika mchezo huo wa kuchekesha aliitwa Papa Shirandula. Ametoka kijijini akahamia Nairobi kutafuta maisha, na kazi aliyoipata ni ya ulinzi, ile ambayo sisi huku tunaiita kazi ya zamu. Lakini Wilbroda, mkewe, anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini, mwenye meza na cheo. Kipindi baada ya kipindi, mwanamume yule hutumia akili nyingi zaidi kuulinda uongo wake kuliko kulilinda lango alilokabidhiwa. Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa na Citizen TV katika miaka ya 2000. Papa Shirandula aliigizwa na Charles Bukeko, na Wilbroda aliigizwa na Jacqueline Nyaminde. Wengi wetu hapa Munigi hatukukua tukiutazama, ingawa leo vipande vyake hupatikana hata kwenye simu. Hata hivyo tumeuchagua kwa tafakari hii, kwa sababu jambo ambalo watu wa Nairobi walilicheka linaishi katika mitaa yetu, na huku kwetu mara nyingi halichekeshi.

Kwanza tuseme neno juu ya michezo ya namna hii. Yako mambo ya nyumbani ambayo hayasemwi wakati wa chakula: baba amekopa, mama amekasirika tangu juzi, mjomba amekuja kwa siku mbili na huu ni mwezi wa tatu. Mchezo wa kuchekesha huyachukua mambo hayo, ukayaweka katika nyumba ya watu wengine, nasi tukapata ruhusa ya kuyatazama. Wakenya walilijua hilo tangu zamani kupitia Vitimbi, ambamo Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana na kupatana mbele ya taifa zima. Waigizaji hao, Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015 na Mary Khavere, waliifanya kazi yao vizuri hata watazamaji wengi wakaamini kuwa ni mume na mke kweli. Hapa nchini kwetu, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza vichekesho kwa Kiswahili cha Katanga, na kazi yake ilithaminiwa kiasi kwamba mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alichapisha kitabu kizima kuhusu kundi hilo. Nao waliotazama Ma Famille, mchezo wa Akissi Delta kutoka Côte d'Ivoire, wanajua jinsi ugomvi wa sebule moja ya Abidjan unavyoweza kufanana na ugomvi wa sebule ya Goma.

Katika michezo yote hiyo baba si malaika. Huogopa, hujisifu, hukosea hesabu, husema uongo mdogo ambao kesho yake humzalia uongo mkubwa. Wapo wazazi wasiopenda watoto watazame mambo hayo, wakisema yanafundisha dharau. Tunauheshimu wasiwasi wao, nasi tutaurudia. Lakini kabla ya hapo tujiulize swali moja kuhusu Papa Shirandula: kicheko kinamwangukia nani?

Hakimwangukii mlinzi. Kukaa langoni usiku, kutambua mgeni na mwizi, kufungua na kufunga kwa wakati, hakuna la kuchekesha ndani yake. Mtu akiifanya kazi hiyo na kusema wazi kwamba ndiyo kazi yake, mchezo unakwisha siku hiyo hiyo. Hakuna kipindi cha pili. Kinachochekesha ni pengo kati ya mtu alivyo na mtu anavyotaka kuonekana, na mbio anazopiga kila siku ili pengo lisionekane. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Shirandula ameirefusha yake kwa miaka, na kila hatua imemgharimu usingizi.

Sasa tuulize swali lililo gumu zaidi. Aibu hiyo aliipata wapi? Hakuna mtu anayezaliwa akiona haya kwa sababu ya lango. Alifundishwa na macho ya watu: namna wanavyomsalimu mwenye tai na namna wanavyompita mwenye rungu bila kumtazama. Alisikia jirani akiuliza mume wa fulani anafanya nini, na akasikia kimya kilichofuata baada ya jibu. Akaamua kwamba kimya kile hakitaingia nyumbani kwake.

Kimya kile, vijana, sisi pia tunakitengeneza. Mwanzoni mwa mwaka wa shule, mwanafunzi hupewa karatasi ya kujaza, na mstari mmoja huuliza kazi ya baba, mwingine kazi ya mama. Tumeona jinsi mistari hiyo inavyojazwa. Anayesukuma chukudu huandikwa kuwa mfanyabiashara. Anayeponda mawe ya lava kuwa kokoto, akayauza kwa wajenzi, huandikwa kuwa hana kazi, ingawa mikono yake ndiyo iliyolipa karatasi yenyewe. Zamu huandikwa kuwa wakala wa kampuni. Na tumeona kijana akitoka shule pamoja na wenzake, akamwona mama yake kwa mbali akiwa na beseni la ndizi kichwani, akavuka upande wa pili wa barabara ya Rutshuru kama mtu aliyekumbuka jambo la haraka. Mama alimwona. Mama huona daima. Jioni hakusema neno, ila siku iliyofuata alipita njia nyingine.

Hapo ndipo siri ya nyumba inapozaliwa. Mzazi hagundui peke yake kwamba kazi yake ni ya kufichwa. Mara nyingi huambiwa na mtoto, bila maneno.

Katika Munigi jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu hapa watu wengi wameporomoka bila kosa lao. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita kwetu, ikashuka mjini hadi ikafika ziwani. Mtu aliyekuwa na duka asubuhi alikuwa na mwamba mweusi jioni. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulirudia, na nyumba nyingine nyingi zikafunikwa kabla ya moto kusimama kwenye viunga vya mji. Kisha tangu mwaka 2022 tuliwapokea Kanyaruchinya maelfu ya watu waliokimbia vita kutoka Rutshuru, wakulima waliokuwa na mashamba, maharagwe na mbuzi wao, na ambao hapa walilazimika kuuza nguvu za mabega yao kwa siku. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama kazi. Basi hata wale waliokuwa na meza kweli, tai kweli na mshahara kweli, waliamka wakiwa hawana pa kwenda.

Baba wa namna hiyo hufanya nini kesho yake? Wengine husema ukweli siku hiyo hiyo. Wengine huvaa shati lao jeupe, hutoka saa moja asubuhi kama kawaida, na kutafuta kibarua mtaa wa mbali, ambako hawajulikani. Hatuwacheki. Tunajua kinachowasukuma. Mtu aliyeitwa kwa heshima miaka kumi na mitano hapotezi mshahara tu anapopoteza kazi. Hupoteza pia jibu la swali kwamba yeye ni nani. Anayeficha hali hiyo kwa mkewe na watoto wake mara nyingi anajaribu kuokoa kitu kimoja kilichobaki, namna wanavyomtazama wanapomfungulia mlango.

Ndiyo sababu wapo watakaotupinga, nao wana hoja. Watasema: mwacheni. Anaficha kwa upendo. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana haja gani ya kujua kwamba baba yake amebeba mifuko ya saruji mchana kutwa? Ale, asome, alale. Mizigo ya wakubwa ibaki kwa wakubwa.

Tunakubali kwamba si kila mzigo ni wa mtoto. Lakini tuangalie kinachotokea katika nyumba ambamo kazi ya mzazi ni siri. Mtoto hukua akifanya hesabu za uongo. Anaomba viatu vya bei fulani kwa sababu anaamini upo mshahara wa bei hiyo. Akinyimwa, anaona amenyimwa upendo. Anachelewa kusaidia, kwa sababu hajui kwamba msaada unahitajika. Mke hupanga chakula cha mwezi kwa fedha zisizokuwepo, kisha humlaumu mumewe kwa ubahili, naye hawezi kujitetea bila kujifunua. Polepole kila mmoja anaishi na mtu ambaye hayupo. Nyumba inakuwa na baba wawili: mmoja wa ofisini, anayeheshimiwa na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi, na mwingine mwenye mgongo unaouma, ambaye hakuna anayempa pole.

Tena mtoto hupoteza fundisho ambalo shule yoyote haiwezi kumpa. Anahitaji kuona jinsi mtu mzima anavyosimama baada ya kuanguka. Siku moja naye ataanguka, maana hapa kwetu mlima upo na vita vipo. Akiwa hajawahi kumwona baba yake akianza upya, atadhani kwamba kuanza upya ni jambo lisilotokea kwa watu wa heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Afichaye udhaifu wake kwa wote hapati msaada, na hawaachii watoto wake njia ya kufuata.

Zaidi ya hayo, siri yenyewe hukaa kwa shida katika mtaa wetu. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mwamba. Ukikohoa, jirani anakuombea afya. Mara nyingi mtaa mzima unajua baba fulani anafanya kazi gani, na wasiojua ni watoto wake peke yao. Ikitokea waambiwe na mtoto wa jirani katikati ya ugomvi wa mpira, wanaumizwa mara mbili: kwa dhihaka, na kwa kugundua kwamba walikuwa wa mwisho kujua.

Turudi sasa kwa wazazi wanaohofia kwamba michezo hii inafundisha dharau. Hofu yao ina msingi pale ambapo mtazamaji hucheka kisha akaishia hapo. Lakini fikirini jambo moja. Charles Bukeko alipofariki tarehe 18 Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 58, katika siku ngumu za korona, Kenya ilimlilia kwa jina la Papa Shirandula. Watu waliokuwa wamemcheka kwa miaka walimwita Papa, kama anavyoitwa mzee wa nyumba. Jina walilolililia lilikuwa jina la mlinzi wa lango. Kile ambacho mhusika alikificha kwa aibu, watazamaji walikijua tangu kipindi cha kwanza, na hakikuwazuia kumpenda. Laiti Shirandula angelijua hilo! Pengine baba wengi wa Munigi nao hawajui kwamba wangependwa vilevile.

Lipo jambo moja ambalo hatutaki lichanganywe na haya. Kuna kazi zinazofichwa kwa sababu ni za hali ya chini machoni pa watu, na kuna kazi zinazofichwa kwa sababu zinamdhuru mwingine. Anayewanyang'anya wasafiri barabarani, anayeuza mali ya wizi, anayekula fedha za wanyonge, huyo ana sababu ya kuona haya, hata akivaa suti na kukaa nyuma ya meza. Kwake tunaomba aache, hatuombi asimulie. Ukubwa wa kazi na usafi wa kazi ni vitu viwili, na kijana aliyekomaa hujifunza kupima cha pili kabla ya cha kwanza. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wazee: kazi iliyo duni bado inalisha kuliko mchezo ulio mzuri.

Vilevile hatusemi kwamba kijana aridhike na rungu la baba yake milele. Tamaa ya kusoma, kuwa muuguzi, fundi wa umeme au mwalimu, ni njema, na mara nyingi mzazi anayeponda mawe anaponda ili mtoto wake asiponde. Lakini mtu anaweza kutaka kwenda mbali bila kulionea haya lango alikotokea. Sisi Wakristo tunakumbuka kwamba watu wa Nazareti walimdharau Bwana wakitaja kazi ya seremala, kana kwamba randa na msumeno vilitosha kumnyima mtu hekima. Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Tunaiadhimisha kila mwaka; ingekuwa vizuri kuiadhimisha pia sebuleni.

Basi tunawaomba nini, vijana wetu?

Tunawaomba kwanza msiwavue wazazi wenu nguo. Ukigundua leo kwamba mama anasema anauza kitambaa sokoni na kumbe anafua nguo za watu, usilitangaze jambo hilo mezani mbele ya wadogo zako. Siri ya mzazi hufunguliwa na mzazi mwenyewe. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba mlango uko salama. Mwonyeshe kwa mambo madogo. Akirudi, mpokee mzigo. Mwulize siku ilikuwaje, na usiulize kama mpelelezi. Sifu mbele yake kazi ya mtu mwingine inayofanana na yake. Siku ambayo atasema mwenyewe, usishtuke, usilie, usitoe hotuba. Sema pole kwa kazi, kama unavyomwambia mtu yeyote aliyechoka kwa halali.

Tunawaomba tena, mkiwaona wazazi wenu barabarani, msivuke. Mtambulishe mama kwa rafiki zako akiwa na beseni lake kichwani. Mwite baba kwa sauti ya kawaida akisukuma chukudu chake kupanda mlima, na kama mna nafasi, sukumeni pamoja naye hadi kilele. Rafiki atakayecheka amewapa habari muhimu kuhusu urafiki wake, tena bila malipo.

Na kwa ninyi wazazi mtakaoisoma karatasi hii mikononi mwa watoto wenu, tunasema kwa unyenyekevu: watoto wenu ni wakubwa kuliko mnavyofikiri. Wamebeba madumu ya maji tangu wakiwa wadogo, wamekimbia usiku wakiwa na wadogo zao mgongoni, wamelala juu ya mwamba. Wanaweza kubeba pia ukweli kwamba baba ni zamu.

Katika mkutano ujao wa kila kikundi tunapendekeza zoezi fupi. Kila mmoja aandike mstari ule wa karatasi ya shule, kazi ya baba na kazi ya mama, kwa jina la kweli la kazi yenyewe: zamu, mponda mawe, mchuuzi wa makala, mfua nguo, msukuma chukudu, mwalimu anayeendesha pikipiki jioni, karani ambaye ofisi yake imefungwa. Aliyempoteza mzazi aandike kazi ya yule anayemlea. Karatasi zisikusanywe wala kusomwa na mtu mwingine. Asiyejua aache nafasi wazi. Kisha kila mmoja aende nayo nyumbani, na mwenye nafasi iliyo wazi atafute jioni moja yenye utulivu, akae karibu na mzazi wake, na amwombe amsimulie siku yake tangu alipotoka asubuhi.